Si Nyuzi, ni Nyama Hai: Historia Fupi ya Sauti Tunayoimbia



Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma historia ya kwaya yetu: walioianzisha, mashindano tuliyokwenda, nyimbo tulizorekodi, na wenzetu waliolala katika Bwana. Hapa tumeona tuongeze historia ya aina nyingine, ya chombo chenyewe tunachoimbia. Kinanda chetu tunajua kilinunuliwa vipi na nani walichanga. Spika tunajua zilitoka wapi. Lakini koo, ambalo kila mmoja wetu alikuja nalo bila kuchangiwa, wengi wetu hatujui lina nini ndani.

Kutojua huko kumetugharimu. Kwaya hupoteza waimbaji kwa kuhama kikazi, kwa ndoa na kwa masomo, na hao huagwa kwa maombi na zawadi. Wanaoondoka kwa sababu ya koo huondoka kimyakimya. Tunamkumbuka mama mmoja wa soprano aliyekuwa akituanzishia nyimbo. Sauti yake ilianza kukwaruza, ikakwaruza miezi. Wapo waliosema amerogwa. Wapo waliosema kuna dhambi hajaiungama. Yeye mwenyewe aliamini kwamba Mungu amechukua kipawa chake, akarudisha sare. Hakuna aliyemwambia neno rahisi kwamba sauti ni kiungo cha mwili, na kiungo huchoka, huugua na mara nyingi hupona. Neno hilo ndilo tunalotaka kulisema leo, kwa kufuata njia ambayo wanadamu waliipita hadi wakalijua.

Nguruwe aliyenyamaza

Watu wa kale waliamini kwamba sauti hutoka moyoni. Hata sisi husema mtu ameimba kutoka moyoni, na kwa maana ya kiroho ni sawa. Lakini katika karne ya 2 baada ya Kristo, tabibu Galeni, mzaliwa wa Pergamo katika nchi tunayoiita leo Uturuki, alionyesha jambo la ajabu mbele ya watu huko Roma. Alimfunga nguruwe, naye nguruwe akapiga kelele kama nguruwe wote. Kisha Galeni akakata neva nyembamba zilizo shingoni. Nguruwe aliendelea kupumua na kujitupatupa, lakini kelele zikakoma. Moyo ulikuwa ukipiga kama kawaida, na bado sauti haikuwepo. Kwa hiyo amri ya sauti hutoka kwenye ubongo na kupitia neva hizo.

Neva za koo zina njia ya kushangaza. Hushuka kutoka kichwani, hupita shingoni bila kusimama, kisha hugeuka na kupanda tena hadi kooni. Ile ya kushoto huingia hadi kifuani, huzunguka mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, ndipo ipande. Ndiyo maana ugonjwa wa kifuani unaweza kumfanya mtu apoteze sauti hata kama koo lenyewe ni zima. Tuliweke akilini jambo hili, tutalihitaji mbele.

Jina lililotupotosha kidogo

Tuliosomea ualimu, na ninyi nyote mliofanya mtihani wa Kiswahili, tunakumbuka somo la ala za kutamkia: mapafu, koromeo, kidakatonge, kaakaa, ulimi, meno, midomo. Tulifundishwa pia kwamba sauti ghuna ni zile zinazotamkwa nyuzi za sauti zikitetema. Weka kidole shingoni utamke *z*, kisha *s*, utauhisi mtetemo ukija na kuondoka. Jina hilo “nyuzi” lilitoka mbali.

Mwaka 1741, daktari wa Ufaransa aitwaye Antoine Ferrein alichukua makoromeo ya maiti na ya wanyama, akayapuliza hewa, nayo yakatoa sauti. Akafikiria fidla. Kwa maoni yake, kingo mbili zilizo ndani ya koromeo zilikuwa nyuzi, na hewa ilikuwa kama ule upinde unaozisugua. Akaziita nyuzi za sauti, na jina hilo likaenda katika lugha nyingi, yetu ikiwemo.

Ferrein alifanya kazi kubwa, lakini jina hilo huleta picha isiyo sahihi. Uzi wa fidla au wa gitaa umefungwa ncha mbili tu, katikati uko huru hewani, ni mkavu, na ukikatika unanunua mwingine. Nyuzi zetu si hivyo. Ni mikunjo miwili ya nyama laini na yenye unyevu, inayokutana kama midomo midogo juu ya bomba la hewa. Kwa mwanamume mzima haizidi sentimita mbili na nusu kwa urefu, na kwa mwanamke ni mifupi zaidi. Imelazwa ndani ya kile kinundu kinachoonekana shingoni mwa wanaume. Kazi yake ya kwanza hata si kuimba. Ni mlango wa kuzuia chakula na maji visiingie mapafuni. Ndiyo iliyofunga ghafla siku ile maji yalipokupalia.

Mwalimu wa kuimba na kioo cha meno

Kwa zaidi ya miaka 100 baada ya Ferrein, waliolichunguza koo walitegemea zaidi maiti na wanyama. Aliyefaulu kuitazama mikunjo hiyo vizuri katika mtu aliye hai na anayeimba hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba kama walimu wetu wa kwaya.

Manuel García alizaliwa Hispania mwaka 1805 katika familia ya waimbaji. Akiwa kijana aliimba katika kundi la opera la baba yake, hata wakavuka bahari hadi New York mwaka 1825. Sauti yake ilichoshwa mapema, akaacha jukwaa akawa mwalimu, kwanza Paris kisha London. Mtu aliyepoteza sauti yake ndiye aliyekuwa na hamu ya kujua inavyofanya kazi.

Mwaka 1854, akiwa matembezini Paris, aliona jua likimetameta kwenye vioo vya madirisha, akapata wazo. Alinunua kioo kidogo chenye mpini mrefu cha daktari wa meno, akakipasha joto kwa maji ya moto ili pumzi isikitie ukungu, akakiweka nyuma kabisa ya koo lake. Kwa kioo kingine cha mkononi akaurudisha mwanga wa jua mdomoni mwake. Akaona mikunjo miwili ikifunguka anapovuta pumzi na kukutana anapotoa sauti. Mwaka 1855 habari zake zilisomwa mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza iitwayo Royal Society. Miaka michache baadaye madaktari wa Vienna na Budapest, Ludwig Türck na Johann Czermak, walichukua kioo hicho wakakifanya chombo cha hospitali. Hapo ndipo udaktari wa koo tunaoujua ulipopata macho. Mwaka 1905 García alipotimiza miaka 100, madaktari na waimbaji walikusanyika London kumpongeza. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 101.

Maji ya Kiambere na hewa ya mapafu

Kuiona mikunjo ikikutana hakukumaliza swali. Ni nini kinachoitetemesha? Mwaka 1950 Mfaransa Raoul Husson alidai kwamba ubongo hutuma amri moja kwa kila mtetemo. Soprano akiimba doh ya juu kabisa, mikunjo yake hukutana zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde moja. Hakuna msuli wa binadamu unaoweza kukaza na kulegea upesi namna hiyo kwa amri. Tena koromeo la maiti, ambalo halipokei amri yoyote, likipulizwa hewa hutoa sauti, kama Ferrein alivyoonyesha. Mwaka 1958 Mholanzi Janwillem van den Berg aliandika maelezo ambayo, kwa msingi wake, yanakubaliwa hadi leo.

Sisi wa Kiritiri tunaweza kuyaelewa kwa kutazama mabwawa ya mto Tana. Pale Kiambere, mashine haijizungushi. Maji yaliyozuiwa nyuma ya ukuta yana msukumo, nayo yakiachiliwa ndiyo yanayoizungusha. Kwetu waimbaji bwawa ni mapafu, na maji ni hewa. Misuli ya koo huileta mikunjo karibu. Hewa kutoka chini husukuma hadi inaifungua. Inapopita, kwa kunyumbuka kwake yenyewe na kwa kasi ya hewa hiyo, mikunjo hurudi na kukutana tena. Hufunguka, hukutana, hufunguka, hukutana. Hewa hutoka kwa vipande vidogovidogo, na vipande hivyo vikifuatana haraka ndiyo sauti.

Kwa hiyo mwimbaji halazimishi koo kutetema. Analiweka tayari, kisha hewa hufanya kazi. Ndiyo sababu mwalimu wa kwaya hutuambia tupumue kwa tumbo. Hewa haiingii tumboni, bali kile kiwambo kilicho chini ya mapafu hushuka, mbavu hutanuka, na bwawa hujaa. Mwenye pumzi ndogo hujaribu kulipia kwa kukamua koo. Hapo ndipo mishipa ya shingo husimama na sauti huanza kuumia.

Hesabu ya doh na soh

Wengi wetu hatusomi muziki wa mistari mitano. Tunasoma solfa. Mfumo huu ulianzishwa Uingereza na mwalimu mwanamke, Sarah Glover, na mchungaji John Curwen akaueneza kuanzia miaka ya 1840 ili watu wa kawaida waimbe bila gharama kubwa. Wamisheni waliuleta Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliandika kwa solfa, mwaka 1897, ule wimbo ambao tuni yake ndugu zetu Watanzania huiimba kama wimbo wao wa taifa.

Nyuma ya herufi hizo kuna hesabu ya mikunjo. Doh ya juu ni mara mbili kamili ya doh ya chini. Soh kwa doh ni kama tatu kwa mbili. Ikiwa doh ni mitetemo 262 kwa sekunde, soh yake ni kama 392. Alto na tena wanapokaa sawasawa kwenye hesabu hiyo, ndipo tunasikia wimbo “umekaa”. Kupandisha noti, koo huinyoosha mikunjo ikawa mirefu na myembamba zaidi, jinsi wapigaji ngoma mashuhuri wa Chuka wanavyoipasha ngozi moto ikakaza ili ngoma ilie juu.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kazi tunayoipa nyama ndogo. Tuseme mazoezi ya jioni yana saa moja ya kutoa sauti kweli, kwa wastani wa mitetemo 300 kwa sekunde. Mikunjo hukutana zaidi ya mara milioni moja jioni hiyo.

Mdomo ndio unaotengeneza irabu

Sauti inayotoka kwenye mikunjo, kama tungeisikia peke yake, ni mlio mwembamba usiovutia. Uzuri huongezwa juu yake, katika nafasi ya koo, mdomo na pua. Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1863: tukibadilisha umbo la mdomo, tunabadilisha mvumo, na hivyo *a* huwa *i* au *o*. Katika miaka ya 1970 Johan Sundberg wa Sweden alionyesha kwamba waimbaji wa opera waliofunzwa hujenga mvumo wa nguvu karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo vyombo vya okestra havina nguvu nyingi. Ndiyo maana husikika ukumbini bila kipaza sauti. Hawapigi kelele kuzidi vyombo. Hupita palipo wazi.

Kwetu somo liko karibu zaidi. Kiswahili kina irabu tano, lakini Kimbeere kina saba. Tunapoimba wimbo wa Kimbeere, nusu yetu wakiimba *ĩ* na nusu *e*, noti inaweza kuwa moja na bado wimbo ukasikika umepasuka. Kasoro haiko kooni. Iko mdomoni, na huondoka kwa kusikilizana.

Sugu ya koo

Mwaka 1974 daktari wa Japani, Minoru Hirano, alieleza kwamba mikunjo ina tabaka: juu ngozi nyororo sana na utando laini kama uji mzito, ndani msuli. Tabaka la juu huteleza juu ya msuli kama wimbi. Likivimba au likikauka, wimbi haliendi sawa, na sauti hukwaruza.

Mkulima anayeshika jembe kila siku hupata sugu mkononi. Mikunjo inayogonganishwa kwa nguvu, siku baada ya siku, huweza kuota vinundu vinavyofanana na sugu hizo. Hupatikana sana kwa watu wanaotumia sauti kwa kazi: waimbaji, wahubiri, na walimu wa madarasa makubwa. Sugu hiyo si uchawi wala hukumu ya Mungu. Mara nyingi hupungua kwa mapumziko na kwa kufundishwa kutumia sauti vizuri.

Tunagonganisha kwa nguvu bila kujijua. Mwaka 1911 daktari wa Ufaransa Étienne Lombard aliandika kwamba mtu aliye kwenye kelele hupandisha sauti yake mwenyewe bila kukusudia. Kinanda kikiwekwa juu, soprano hupaaza. Soprano akipaaza, besi hawajisikii, nao hupaaza. Fundi wa mitambo huongeza spika. Kufikia wimbo wa nne sote tunapiga kelele, na Bwana hajawahi kuwa kiziwi.

Kuna dawa tulizorithi. Yai bichi, asali na tangawizi hazigusi mikunjo hata kidogo. Kidakatonge hufunika njia ya hewa, na chakula hupita kwenye umio, njia nyingine kabisa. Kama asali ingeifikia mikunjo, ungekohoa hadi machozi. Huenda ikatuliza sehemu ya juu ya koo, na hilo si baya. Maji nayo husaidia kwa kupitia mwilini, kwa hiyo yanywe mapema, si wakati umeshasimama madhabahuni. Kunong’ona kwa nguvu hakupumzishi sauti. Kimya ndicho kinachoipumzisha. Na kwa kuwa tuko Kiritiri, hatuwezi kupita bila kutaja muguka. Zao hili limesomesha watoto wengi wa Mbeere, wa kwaya wakiwemo, na hatumhukumu mtu kwa shamba lake. Lakini anayetafuna hukaukwa na mdomo, na koo kavu katika vumbi la Agosti halitaimba vizuri Jumapili.

Yale tuliyoazimia

Kamati imekubaliana mambo haya kuanzia jubilii hii. Mazoezi yataanza kwa sauti ya chini, kama mama anayembembeleza mtoto. Tusidharau sauti ya namna hiyo: wimbo wetu wa taifa, uliotayarishwa mwaka 1963 na wanamuziki watano, ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Kinanda kitawekwa chini hadi besi wajisikie. Katika mkesha tutaimba kwa zamu.

Vijana wanaovunja sauti hawatachekwa wala kuondolewa. Koromeo la mvulana linakua, na sauti yake inashuka karibu doh moja nzima. Akae, aimbe panapomfaa. Mama ambaye umri umeishusha sauti yake hajapoteza kipawa. Amehama tu kutoka soprano kwenda alto, na alto wanamhitaji.

Mwenye sauti inayokwaruza atapumzishwa bila kuondolewa kwenye orodha, na sare yake haitarudishwa. Ikizidi majuma matatu, atasindikizwa hospitali. Kumbukeni ile neva inayoshuka hadi kifuani: kukwaruza kusikoisha huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa koo au wa kifua unaotibika ukiwahiwa. Tutamwombea, na tutamchangia nauli. Yote mawili ni huduma.

Maandiko yanatuambia kwamba mwanadamu alipuliziwa pumzi akawa nafsi hai. Leo mtatusikia tukiimba kuanzia ibada ya asubuhi hadi jioni. Kila noti mtakayosikia ni pumzi hiyo ikipita kati ya nyama mbili ndogo ambazo hakuna duka la Embu wala la Nairobi linaloziuza. Tuzitunze, tutunzane, ili watakaoandika kijitabu cha jubilii ijayo wasiwe na majina ya walioondoka kimyakimya.

Karibuni tuimbe. Mungu awabariki.

Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote